Shajara ya mradi: kadi 60 za kutukana kwa Kiingereza

6 Januari

Boksi la viatu limepatikana. Manila tatu za njano nimezikata vipande vya ukubwa wa kiganja, vimetoka zaidi ya 100. Mke wangu kauliza ni vya nini. Nikamjibu naandika orodha ya matusi ya Kiingereza, akaniangalia kama mgonjwa aliyeruka dozi. Basi nieleze vizuri hapa, nisije nikajisahau mwenyewe: siandiki matusi. Naandika majina ya tendo la kutukana. Mwingereza akitolewa maneno machafu, husema amefanyiwa nini? Neno hilo lilizaliwa wapi, lini, na lilikuwa na maana gani kabla halijachafuka?

Chanzo ni kazi ya Novemba. Nilipewa sura moja ya historia ya mahakama za Uingereza niifasiri, na katika ukurasa mmoja mwanamke wa karne ya 17 anasimuliwa kwa vitenzi sita tofauti: "abuse", "revile", "rail", "scold", "slander", "vilify". Mimi nikaandika alimtukana, akamtukana, akamkashifu, kisha akamtukana tena. Mteja alirudisha kazi na swali moja pembeni: "Huyu mama alikuwa akirudia tusi lilelile?"

Lengo: kadi 60 kabla ya Machi kwisha. Mbele ya kadi neno, asili yake, karne, na picha iliyofichwa ndani ya neno. Nyuma, Kiswahili changu cha muda, kwa penseli.

10 Januari. Kadi 9

Nimeanza na yale yanayotoka mwilini, kwa kuwa ndiyo mepesi.

"Insult" ni Kilatini, "insultare", kumrukia mtu. Lilipoingia Kiingereza karne ya 16 lilikuwa na sura ya mshindi anayetamba juu ya aliyeanguka, na kutukana kwa maneno kulikuja pole pole. Madaktari wao mpaka leo huliita jeraha la ubongo kwa neno hilohilo, na ukilifasiri "tusi la ubongo" umekwisha.

"Sarcasm" ni Kigiriki, kitenzi cha kuchana nyama. Hapa sikuhangaika hata dakika: kijembe. Mgiriki alichana, sisi tunachanja kwa wembe mdogo, na damu inatoka kidogo kidogo mpaka mhusika anafika nyumbani ndipo anajua kakatwa.

"Backbite" ni kung'ata mgongoni, neno la karne ya 12. Nyuma ya kadi nimeandika kusengenya, halafu nikakumbuka aya ya Qurani inayomfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Kwa hiyo meno yapo pande zote, ila Mwingereza kaishia kung'ata.

Yale ya matope nimeyaweka pamoja. "Slur" zamani lilikuwa tope jepesi, uji wa udongo. Anayerusha dongo hapa mjini yuko karibu na Mwingereza wa zamani bila kujua. "Aspersion" ni kunyunyizia, na asili yake ni ileile ya padri anayenyunyizia waumini maji ya baraka. Kinachobadilika ni kilichomo kwenye ndoo.

13 Januari. Kadi 14

Siku ya ndugu waliopotezana. "Slander" na "scandal" ni neno moja lililoingia Kiingereza kwa milango miwili. Baba yao ni "skandalon" ya Kigiriki, kijiti cha mtego ambacho mnyama akikigusa umemfunga. Biblia ya Kiswahili hutumia kikwazo. Moja likapita Ufaransa, likachakaa njiani, likafika likiwa "slander", kesi ya mahakamani. Jingine likaja baadaye likiwa bado limevaa suti. Na hili la pili limeendelea na safari mpaka kwenye magazeti yetu ya udaku: skendo. Kashfa, ambayo ndiyo tuliyokuwa nayo zamani, ina picha tofauti kabisa, maana Kiarabu chake ni kufunua. Mgiriki anakutega, Mwarabu anakuvua shuka.

"Blame" na "blaspheme" nao ni mama mmoja. Kulaumu jirani na kumkufuru Mungu zamani kulikuwa kitenzi kimoja.

19 Januari. Kadi 22

Wiki ya wasomi. Maneno haya yote yamevaa tai.

"Invective": Kilatini cha kupanda na kumwendea mtu kwa kishindo, kama askari juu ya farasi. "Diatribe": Kigiriki cha kutumia muda, mazungumzo ya mwanafalsafa na wanafunzi; Kiingereza kiliazima likiwa na maana ya darasa au insha, na makali ya kumshambulia mtu yakaingia kwa nguvu kwenye karne ya 19. "Tirade": Kiitaliano cha kuvuta au kufyatua, mfululizo usio na nafasi ya kupumua. "Vituperation", lawama kali, sijui kama kuna mtu aliwahi kulitamka bila kujisikia mtu wa maana.

Halafu "philippic", hotuba ya kumshambulia mtu, ambalo limenikalisha siku mbili. Demosthenes, mhutubu wa Athens, alimshambulia Mfalme Filipo wa Makedonia kwa hotuba, ya kwanza mwaka 351 KK. Miaka mia tatu baadaye Cicero, mwanasiasa wa Roma, akamshambulia mwanasiasa mwenzake Marcus Antonius kwa hotuba 14, kati ya mwaka 44 na 43 KK, na kwa utani akaziita kwa jina la zile za Demosthenes. Nilidhani nitakuta hoja za siasa. Nimekuta ulevi. Katika ile ya pili anaeleza kwa utulivu kabisa jinsi Antonius alivyolewa kwenye harusi, kesho yake akatapika mbele ya mkutano wa watu wa Roma, vipande vya chakula vinanuka mvinyo. Hayo ni maneno ambayo kwenye daladala yangemshusha mtu. Lakini kwa sababu yalitungwa kwa Kilatini safi, wanafunzi wameyakariri miaka elfu mbili na Kiingereza kikayapa jina la heshima.

Cicero alilipia. Tarehe 7 Desemba mwaka 43 KK aliuawa kwa amri ya Antonius na washirika wake, na kichwa chake na mkono wake vikatundikwa jukwaani, palepale alipozoea kuhutubia. Mwanahistoria Dio anasimulia kwamba Fulvia, mke wa Antonius, aliuvuta ulimi na kuuchoma kwa pini za nywele.

20 Januari

Hakuna kadi mpya. Mvua ya usiku imepata tundu la bati juu ya meza yangu. Kadi tano zimelowa, wino umetembea, na "aspersion" ndiyo iliyonyunyiziwa zaidi. Nimezianika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio. Mtoto wa jirani kasoma mojawapo kwa sauti.

27 Januari. Kadi 29

Leo sokoni. Neno ni "billingsgate", na ningeweza kumaliza boksi zima juu yake.

Ni jina la mahali: gati la zamani kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Thames, London, karibu na daraja. Nafaka, chumvi na makaa vilishushwa hapo kabla samaki hawajatawala. Mwaka 1699 Bunge lilipitisha sheria ya kulifanya soko huru la samaki wa kila aina. Mikunga waliachiwa wavuvi wa Kiholanzi waliotia nanga mtoni. Inasemekana ilikuwa shukrani kwa kuilisha London baada ya moto mkubwa wa 1666. Wauzaji na wachuuzi wengi walikuwa wanawake, biashara ilianza alfajiri, samaki hangoji, na bei ilipatikana kwa kupigiana kelele.

Katika karne hiyohiyo ya 17 jina la soko likageuka jina la lugha. Ukiambiwa unaongea "billingsgate" umeambiwa mdomo wako mchafu. Samuel Johnson aliliweka kwenye kamusi yake ya 1755 akiwa na maelezo kwamba mahali hapo hujaa watu wa chini, ugomvi na lugha chafu. Ilitosha kuwa neno. Paris nao walifanya vivyo hivyo: "poissarde", muuza samaki wa kike, likawa jina la mtindo mzima wa kusema, na waandishi wa karne ya 18 wakautungia michezo ya kuigiza ili mabwana wacheke.

Soko lenyewe lilihamishwa 1982, likapelekwa mashariki karibu na maghorofa ya benki. Neno sasa limezeeka, unalikuta vitabuni tu. "Fishwife" limedumu zaidi. Hapo nilifanya kosa la aibu kwenye rasimu ya Novemba: niliandika "mke wa mvuvi". "Wife" ya zamani ni mwanamke yeyote, hata asiye na mume. Yule alikuwa mwenye biashara yake, mimi nikamwozesha.

Hapa lazima niandike kisa cha Daniel O'Connell, wakili wa Dublin, mzungumzaji hodari wa karne ya 19. Husimuliwa kwamba aliwekeana dau na rafiki zake kuwa atamshinda kwa maneno mama mmoja mwenye genge ng'ambo ya mahakama, aliyeogopwa na mji mzima. Alimrushia istilahi za jometri: akamwita pembenne sambamba, akamwita hipotenyusi. Mama hakuelewa hata moja, akajua tu anatukanwa vibaya kuliko alivyowahi kutukanwa, akaishiwa. Kila ninapokisoma kisa hiki naona wasimuliaji wanamshangilia wakili. Mimi namwonea huruma mama wa genge, ambaye hakuwa na Kigiriki cha kujibia.

29 Januari

Nimezitandaza kadi zote sakafuni na kuzipanga upya. Siyo kwa alfabeti tena wala kwa karne. Nimeuliza swali moja: anayetajwa na neno hili amesimama wapi anapotukana? Wenye jukwaa wakaenda kushoto: "philippic", "invective", "diatribe", "tirade", "harangue". Wenye kapu wakaenda kulia: "billingsgate", "fishwife", "scold". Kinachosemwa ni kilekile, kutapika kwa Antonius ni kutapika. Jina linafuata mtu aliyefungua mdomo.

Nikifasiri mirundo yote miwili kwa neno matusi, nafuta hiyo tofauti. Nikiwapa wa kushoto "hotuba kali" na wa kulia "matusi", nimeshiriki.

5 Februari. Kadi 34

"Scold." Nilikuwa nimeshaandika nyuma ya kadi "kugombeza" na kuendelea. Leo ni kweli: mama anamgombeza mtoto, neno limepoa. Lakini lilikuwa kosa la jinai.

Wanaochimba asili ya maneno wengi wanalipeleka kwa Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, "skáld", maana yake mshairi. Mshairi! Njia yenyewe inaeleweka ukijua kwamba kule Iceland shairi lilikuwa silaha, na sheria zao za kale, Grágás, ziliweza kumtenga na jamii aliyetunga beti za kumdhalilisha mtu. Kutoka mshairi wa kuogopwa, kufika kwa mtu wa mdomo mchafu mnamo mwaka 1200 huko Uingereza, halafu kwa mwanamke wa mdomo mchafu, halafu kwa mama jikoni. Nimelisoma mara tatu nikihesabu vidato vya ngazi alivyoshuka.

Kisheria aliitwa "common scold", mgomvi wa mtaa anayewasumbua majirani. William Blackstone, katika juzuu yake ya 1769 kuhusu sheria za Uingereza, anaandika kwa Kilatini "communis rixatrix" na kueleza wazi kwamba Kilatini cha sheria kimelifungia kosa hilo kwenye jinsia ya kike. Mwanamume mgomvi alikuwa na kosa lake, "barratry", la kuchochea kesi na mafarakano, ambalo halikuwa na kiti. Huyu wa kike alifungwa kwenye kiti kilichoning'inizwa kwenye mti mrefu, akazamishwa mtoni au kwenye bwawa, akainuliwa, akazamishwa tena. Scotland na kaskazini mwa Uingereza walikuwa pia na hatamu ya chuma ya kichwani, yenye ulimi wa chuma unaoingia mdomoni kukandamiza ulimi wa mtu.

Katika mji wa Leominster kiti hicho kipo bado, kimehifadhiwa kanisani. Mwanamke wa mwisho kuzamishwa nacho alizamishwa 1809. Mwaka 1817 walimtoa mwingine, wakamzungusha mjini, wakafika mtoni wakakuta maji yamepungua, wakamrudisha. Sijui kwa nini jambo hilo la kina cha maji ndilo lililonikaa kichwani kuliko mengine yote.

Ng'ambo ya bahari, Washington, mwaka 1829, walimshtaki kwa kosa hilo Anne Royall, mwandishi wa habari za safari na mkosoaji wa wanasiasa, mwenye umri wa miaka 60. Alipatikana na hatia. Kiti kiliandaliwa, mahakama ikakiona ni cha zama zilizopita, akatozwa faini ya dola 10. Huyu nilihangaika nimweke mrundo gani. Alikuwa na kalamu, alikuwa anaandika dhidi ya wakubwa kama Cicero, lakini wakamwandikia hati ya mashtaka ya muuza samaki.

Uingereza ilifuta kosa hilo 1967, pamoja na "barratry". Jimbo la New Jersey, Marekani, lilingoja mahakama ilikatae 1972.

Nyuma ya kadi sasa pameandikwa: "mwanamke aliyeshtakiwa kwa mdomo". Ni refu mno.

12 Februari. Kadi 41

Viapo. "Swear" kwa Mwingereza ni kuapa mahakamani na pia kutukana barabarani, na wageni hulia nalo. Mimi limenifurahisha kwa sababu Kiswahili kinafanana nusu njia: kuapa kisha kuapiza. Tunafika kwenye laana, wao wakaendelea mpaka kwenye tusi. Hata "answer" limo humo, kiapo cha kumpinga aliyekushtaki.

Mwaka 1606 Bunge lao liliweka faini ya pauni 10 kwa anayetaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani. Kisha sheria ya 1745, ambayo imevuruga mirundo yangu: kibarua, askari au baharia akiapa ovyo, shilingi 1, mwingine asiyefikia hadhi ya bwana, shilingi 2, mwenye hadhi ya bwana na kuendelea, shilingi 5. Anayejua zaidi alipe zaidi. Ingawa nikitazama vizuri, shilingi 1 ya kibarua ni mshahara wa siku nzima au zaidi, na shilingi 5 za bwana ni chakula cha mchana.

"Libel" nalipitia haraka: ni "kitabu kidogo" kwa Kilatini. Kesi ya 1605 katika ile mahakama ya kifalme ya Star Chamber ndiyo iliyolinoa. Kuna pia kosa la kuwasema wakubwa, lililotoka kwenye sheria ya 1275, likabaki vitabuni mpaka 1887. Miaka 612. La kumsema mdogo halikuhitaji sheria.

16 Februari. Kadi 44

"Flyting" limenipa usingizi mzuri. Ni Kiskoti, kutoka kitenzi cha Kiingereza cha kale cha kushindana, na ni mashairi ya kutukanana kwa zamu. Mnamo mwaka 1500 washairi wawili wa Scotland, William Dunbar na Walter Kennedy, walivuana nguo kwa beti katika enzi ya Mfalme James IV, baraza likichekelea. Hili sihitaji kulitafutia Kiswahili, lipo: malumbano. Muyaka bin Haji wa Mombasa alilijua vizuri, akiitetea Mombasa ya Wamazrui dhidi ya Seyyid Said kwa mishororo inayouma, na kurasa za mashairi za magazeti yetu zilidumu kwa kujibizana.

Jambo la kuangalia: neno hilohilo "flyting" lilitumika pia kwenye mabaraza ya miji ya Scotland kuwashtaki wanawake waliogombana mlangoni. Jina moja, ikulu ni sanaa, kichochoroni ni kesi.

2 Machi. Kadi 52

Nimekwenda Temeke kwa shangazi na kadi mfukoni. Nilitaka anisaidie tofauti ya kusuta, kusimanga, kupasha na kusengenya, kwa sababu ujana wake wote ameumaliza kwenye vikundi vya taarabu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mkeo kanipigia, kasema unakusanya matusi."

Ilinichukua chai mbili kujisafisha. Baada ya hapo akanipa darasa. Kusuta ni usoni, mchana, na mashahidi. Ukiwa na uwezo unakodi matarumbeta, mnakwenda mpaka mlangoni kwa mtu, na yeye hana haki ya kujifungia ndani. Kusimanga ni kwa aliyekusaidia: anakuhesabia sahani ulizokula. Kupasha kuna wimbo au kanga, jina halitajwi, mwenye kiatu kitamtosha. Kusengenya mwenyewe hayupo. "Tusi," akasema, "ni la mtu aliyeishiwa maneno."

Nikamweleza kwa fahari nadharia yangu. Kwamba Kiswahili chetu kinataja tendo kwa jinsi lilivyofanywa, usoni au mgongoni, kwa fumbo au kavukavu. Waingereza wao wametaja mahali na mtu, wamelibebesha soko la samaki lawama ya mji mzima. Nikamsomea "billingsgate".

Akasikiliza, akasogeza kikombe. "Na nyie mkisema 'hayo ni maneno ya uswahilini', mnasema nini?"

Sikuwa na jibu.

"Uswahilini si huku ninakokaa? Mtu wa Masaki akitukana mnasema amekasirika. Halafu umbea ni wa nani? Wanaume wanakaa kijiweni kutwa, wanakoroga watu, hayo mnaita kupiga stori."

Nikaongeza mwenyewe, kichwa chini: lugha ya makonda. Lugha ya stendi. Akacheka, akasema niandike na hiyo.

3 Machi

Nimeifuta aya nzima ya utangulizi niliyokuwa nimeiandika kuhusu ubora wa Kiswahili. Kurasa mbili. Zilikuwa zimeandikwa vizuri, basi.

Lakini "billingsgate" imepata Kiswahili chake hatimaye: "maneno ya uswahilini". Inabeba kila kitu, mahali, watu, dharau ya anayesema. Nimeiandika kwa wino.

9 Machi. Kadi 57

Sheria za siku hizi, kwa sababu mteja ataziuliza. Nimekutana na mtu sikumtarajia.

Juni 1971, mashindano ya tenisi ya Wimbledon, London, uwanja namba 2. Mchezaji wa Afrika Kusini yuko uwanjani. Dennis Brutus, mshairi aliyekuwa amefungwa Robben Island kwa kupinga ubaguzi wa rangi, anaingia uwanjani, anapuliza filimbi, anatupa vipeperushi, wenzake wanamfuata. Watazamaji wakakasirika. Akashtakiwa kwa tabia ya "insulting" inayoweza kuvunja amani. Kesi ilipanda mpaka kwa majaji wa House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, ambao 1972 walisema maana ya neno la kawaida la Kiingereza siyo swali la sheria. Ni la mahakimu wanaosikiliza ushahidi, na watu kuudhika hakutoshi kusema wametukanwa. Brutus akashinda. "Insultare", kurukia: na kweli alirukia uwanjani, lakini hakumrukia mtu.

Bunge lao limepunguza zaidi. Neno "insulting" liliondolewa kwenye kifungu cha 5 cha sheria ya utulivu wa umma ya 1986, kuanzia Februari 2014. "Abusive" limebaki.

Kwetu yamebaki yote. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamhusu anayetumia lugha chafu, ya matusi au ya kuudhi kwa namna inayoweza kuleta uvunjifu wa amani. Kanuni yenyewe ilianza enzi ya Mwingereza, 1930. Ndiyo maana kila anayepelekwa mahakama ya mwanzo baada ya ugomvi wa bombani anasomewa "kutumia lugha ya matusi", maneno yaliyofinyangwa kwa udongo wa London. Hakuna anayeshtakiwa kwa kusuta. Matarumbeta yanapita mbele ya kituo cha polisi na askari wanayachezea.

17 Machi. Kadi 60

Zimetimia, na boksi linafunga kwa shida. Ya 58 ni "denigrate", kumpaka mtu weusi; nimeandika "kupaka matope" na kuiacha rangi yao huko huko. Ya 59 ni "diss", Kiingereza cha vijana Weusi wa Marekani, kipande cha "disrespect", ambacho wasanii wetu wamekishachukua na kukipa kitenzi. Kudisi. Siwafundishi.

Kamusi kubwa ya Oxford nimeipa ya 60 ingawa siyo neno. Ilikamilika 1928 ikiwa imeacha nje maneno mawili machafu ambayo kila Mwingereza aliyajua. Yaliingizwa 1972. Mwaka uleule wa Brutus na wa New Jersey, nimeona sasa hivi tu nilipokuwa napanga.

Nimerudia ule ukurasa wa Novemba. Sasa yule mama wa karne ya 17 anatukana, anafoka, anamrarua mtu kwa maneno, anamshusha thamani, anamzulia. Vitenzi vitano kati ya sita vimekaa. "Scold" bado. "Mgomvi wa mtaa" halina kiti cha kuzamishia. "Mwenye mdomo" lina kitu, lakini kwetu mwenye mdomo anaweza pia kuwa wakili mzuri.

Nimempigia shangazi. Kasema ataliwaza, nimpigie Ijumaa baada ya saa kumi.